Je, upasuaji wa goti wa bandia unaweza kuleta nafuu sawa na wa kweli?

Swali: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 54. Goti la kulia linaniuma tangu mwaka jana, hasa nikishuka ngazi au nikikaa muda mrefu. Sikuanguka wala sikujigonga popote. Kipimo cha MRI kimeonyesha gegedu la upande wa ndani, ule mto laini ulio kati ya mifupa ya goti, limechanika, na daktari wa mifupa amenipangia upasuaji wa matundu, yaani wa kupitisha kamera na vifaa kwenye vitundu vidogo, ili akate kile kipande kilichochanika. Mdogo wangu alifanyiwa upasuaji huohuo na sasa anatembea vizuri. Lakini mwanangu amesoma kwamba kuna wagonjwa walifanyiwa upasuaji wa uongo na wakapata nafuu sawa na waliopasuliwa kweli. Hilo ni kweli? Kama ni kweli, mdogo wangu alipona kwa nini? Na ni haki kumchana mtu ngozi bure kwa ajili ya utafiti?

Jibu: Ni kweli, dada yangu. Mwanao amesoma sawasawa, na nakusihi usiingie chumba cha upasuaji kabla hujajua alichosoma kinasema nini hasa, kwa sababu kinahusu goti linalofanana sana na lako.

Mwaka 2013 madaktari wa Finland, katika hospitali tano, walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 146 wenye umri wa miaka 35 hadi 65. Wote walikuwa wameumwa goti kwa zaidi ya miezi mitatu, gegedu la ndani lilikuwa limechanika lenyewe bila ajali, na goti lilikuwa halijasagika. Kila mmoja aliingizwa kamera gotini ili kuhakikisha gegedu limechanika kweli. Hapo hapo mezani bahasha ilifunguliwa, na ndani yake kulikuwa na matokeo ya kura iliyopigwa mapema. Wagonjwa 70 walikatwa kipande kilichochanika. Wengine 76 hawakukatwa kitu, ila daktari aliomba vifaa vyote, akalikunja na kulinyoosha goti kama anayefanya kazi, akawasha mashine ya kunyonya maji, na mgonjwa akakaa chumbani muda uleule. Walishonwa sawa, wakapewa maelekezo sawa ya mazoezi. Si wao wala waliowapima baadaye waliojua nani yuko kundi gani.

Baada ya mwaka mmoja, makundi yote mawili yalikuwa na nafuu kubwa, na nafuu hiyo ilikuwa sawa. Zaidi ya watu 8 kati ya 10 katika kila kundi walisema goti lao limepata ahueni. Zaidi ya 9 kati ya 10, pande zote mbili, walisema wangekubali kurudia kilekile walichofanyiwa. Walifuatiliwa hadi mwaka wa tano na bado waliopasuliwa kweli hawakuwa mbele, wala haikuonekana kwamba kukatwa gegedu kuliwalinda na kusagika kwa goti.

Halikuwa jaribio la kwanza la aina hiyo. Mwaka 2002, huko Houston, Marekani, wagonjwa 180 ambao goti lao lilikuwa limeshasagika waligawanywa makundi matatu: waliokwanguliwa ndani ya goti, waliooshwa goti kwa maji tu, na waliochanwa ngozi na kushonwa. Kwa miaka miwili waliyofuatiliwa, hakuna kundi lililowashinda wale waliochanwa ngozi tu.

Sasa nije kwa mdogo wako, maana hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Nafuu yake ni ya kweli. Siwezi kumwambia mtu anayetembea vizuri kwamba hajapona, wala kwamba maumivu yake yalikuwa ya mawazo. Swali ni nini kilicholeta nafuu hiyo, na hilo haliwezi kujibiwa kwa kumwangalia yeye peke yake. Maumivu ya goti katika umri wenu hupanda na kushuka. Kuna miezi mibaya na kuna miezi ya unafuu. Mtu hamwendei daktari wa upasuaji katika mwezi mzuri. Humwendea pale anapokuwa hoi, na kutoka hapo maumivu mara nyingi hupungua hata asipofanyiwa kitu. Baada ya upasuaji alipumzishwa, akasaidiwa kazi nzito, akafundishwa mazoezi ya kukaza misuli ya paja, pengine akapunguza na uzito. Juu ya yote hayo kuna imani: mtu aliyelazwa, akatiwa ganzi, akaonyeshwa picha ya gegedu lake limesafishwa, ubongo wake huyapokea maumivu kwa namna nyingine. Mambo haya yote humpata aliyepasuliwa kweli na aliyepasuliwa kwa bandia. Kinachobaki kuwatofautisha ni ule ukataji wenyewe, na jaribio la Finland lilipima huo.

Ili kujua ukataji ulimsaidia mdogo wako kiasi gani, tungehitaji mdogo wako wa pili, mwenye goti lilelile na miaka ileile, ambaye hakukatwa. Hayupo. Ndiyo maana watafiti hutumia kura. Ukichukua watu wengi ukawagawa kwa kura, wanene na wembamba, wenye hofu na wenye matumaini, wenye maumivu makali na ya kadiri, wote husambaa pande mbili kwa uwiano unaokaribiana. Daktari akichagua mwenyewe, hata akiwa mwadilifu kabisa, atawapeleka kwenye upasuaji wale anaohisi watapona vizuri, kisha matokeo mazuri yatahesabiwa kuwa ya kisu. Kura inamwondolea nafasi hiyo.

Njia hii ilipata umaarufu mwaka 1948 Uingereza ilipojaribiwa streptomaisini kwa kifua kikuu. Dawa ilikuwa haba na haikuwatosha wagonjwa, hivyo kura ilikuwa pia njia ya haki ya kuigawa. Katika miezi sita walikufa 4 kati ya 55 waliopewa dawa, na 14 kati ya 52 waliolazwa kitandani bila dawa, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Kwa tofauti kubwa hivyo, hakuna aliyehitaji kubishana tena.

Swali lako la tatu ndilo lililonigusa zaidi. Ni haki kumchana mtu bure?

Turudi kidogo nyuma. Miaka ya 1950 kulikuwa na upasuaji uliopendwa sana kwa watu wenye maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Daktari alifunga mishipa miwili inayopita ndani ya ukuta wa kifua, akitarajia damu ielekee kwenye moyo. Wagonjwa walisifu na madaktari walisifu. Kisha mwaka 1959 na 1960 yakatoka majaribio mawili madogo Marekani, ya wagonjwa 17 na 18, ambamo baadhi walifungwa mishipa na wengine walichanwa ngozi tu. Waliochanwa ngozi tu walipata nafuu sawa na wenzao, na upasuaji ule ukaachwa. Wagonjwa wachache walivumilia kovu lisilo na kazi, na watu wasiohesabika baada yao wakanusurika upasuaji mzima usio na kazi. Nikiweka mizani, kwangu jibu liko wazi, ila kwa sharti moja lisilolegezwa: aliyechanwa awe amekubali akijua.

Naamini watafiti wa kale hawakulizingatia sharti hilo inavyostahili, na hilo ni doa katika historia yetu. Baada ya ukatili wa madaktari wa Kinazi uliofichuliwa kwenye kesi za Nuremberg, Ujerumani, kanuni za mwaka 1947 ziliweka ridhaa ya mtu kuwa jambo la kwanza, na Azimio la Helsinki la 1964 likayajenga hayo kwa madaktari wa dunia nzima. Wagonjwa wa Houston waliandika kwa mkono wao wenyewe kwamba wanaelewa wanaweza kufanyiwa upasuaji wa bandia ambao hautalitibu goti lao. Kati ya 324 waliofaa kuingia, 144 walikataa, na walikuwa na haki hiyo bila kupoteza huduma yao ya kawaida. Kukataa kwao kunanipa imani na waliokubali. Pale ambapo hakuna anayekataa, huwa najiuliza kama watu wameelezwa vizuri.

Na nikuulize nami: ni haki ipi kuwapasua watu maelfu kwa maelfu, kwa nia njema kabisa, kwa njia ambayo haijawahi kupimwa? Huko nako watu wanachanwa bure, ila hakuna aliyewaomba ridhaa ya kuwa kwenye jaribio, na hakuna anayeandika matokeo. Dawa mpya haiuzwi bila mtengenezaji kuonyesha kwamba inafanya kazi. Marekani sheria ya namna hiyo iliwekwa mwaka 1962. Njia mpya ya upasuaji kwa kawaida haikutani na kizingiti kama hicho. Daktari hodari huibuni, huwafundisha wanafunzi wake, nao huwafundisha wao.

Saratani ya matiti ndiyo fundisho chungu kuliko yote. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 wanawake waliondolewa titi lote pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani, kwa imani kwamba kukata zaidi ni kupona zaidi. Daktari Bernard Fisher na wenzake wa Marekani walianza kulijaribu jambo hilo kwa kura mwaka 1971. Jaribio lao la pili, lililoanza 1976, lililinganisha kuondoa titi zima na kuondoa uvimbe tu. Fisher alipingwa vikali na wapasuaji wenzake. Matokeo ya miaka 20, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalionyesha kuwa walioondolewa uvimbe tu, wakapigwa mionzi au wasipigwe, waliishi sawa na walioondolewa titi, ingawa mionzi ilipunguza sana uvimbe kurudi kwenye titi lilelile. Kwa karibu miaka mia moja hakuna aliyeuliza swali hilo kwa njia ambayo ingeweza kuleta jibu.

Usije ukadhani majaribio huwa yanaukandamiza upasuaji. Mwaka 1991 jaribio la Amerika Kaskazini la wagonjwa 659 waliowahi kupata dalili za kiharusi, na ambao mshipa mkubwa wa shingoni ulikuwa umeziba sana, lilionyesha kuwa kuusafisha mshipa huo kwa upasuaji kulipunguza hatari ya kiharusi cha upande ule ndani ya miaka miwili kutoka asilimia 26 hadi 9. Tohara ya wanaume nayo ilijaribiwa kwa kura Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda, na matokeo ya kati ya 2005 na 2007 yalionyesha maambukizi ya VVU kwa wanaume yakipungua kwa nusu au zaidi. Yote matatu yalisimamishwa mapema, ili wanaume wa kundi lililokuwa likisubiri nao wapewe nafasi ya kutahiriwa. Hapo upasuaji wa bandia haukuwezekana, na haukuhitajika sana, kwa kuwa kilichopimwa ni kipimo cha damu, ambacho hakibadiliki kwa matumaini ya mtu. Maumivu hubadilika. Kwa hiyo jaribio la tiba ya maumivu lisilo na kundi la bandia mimi hulisoma kwa tahadhari.

Hata tiba iliyoonekana ya wazi kabisa huweza kuumbuka. Mtoto mahututi kwa maambukizi makali, mwili umepoa na damu haizunguki vizuri, alikuwa akiongezewa maji mengi kwa haraka kwenye mshipa. Jaribio la FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 na kuchapishwa mwaka 2011, lilikuta kwamba ndani ya saa 48 walikufa takriban asilimia 10.5 ya walioongezewa maji kwa haraka, na asilimia 7.3 ya ambao hawakuongezewa hivyo. Wauguzi na madaktari waliokuwa wakiyatoa yale maji walikuwa wanapigania uhai wa watoto. Bila kundi la kulinganisha wasingeweza kuona, kwa sababu wodini unamwona mtoto mmoja mmoja, na wengi hupona.

Sasa, mwanao akikuletea utafiti mwingine, muulize kwanza waliojaribiwa ni akina nani. Jaribio la Finland halikuwahusu watu ambao goti limejifunga na halinyooki, wala walioumia kwenye ajali. Anayejaribu kulitumia kwa kijana aliyepinda goti uwanjani jana anakosea. Kisha muulize walilinganishwa na nini, maana kuna jambo moja linalochanganya wengi: wagonjwa kuhama kundi. Marekani, mwaka huohuo wa 2013, wagonjwa 351 wenye gegedu lililochanika na goti lililoanza kusagika waligawanywa kati ya upasuaji pamoja na fiziotherapia (tiba ya mazoezi), na fiziotherapia peke yake. Miezi sita baadaye hapakuwa na tofauti ya maana. Lakini katika kundi la fiziotherapia, watu 3 kati ya 10 walikuwa wameshaomba kupasuliwa ndani ya muda huo. Wanahesabiwa bado katika kundi walilopangiwa, na ni sawa wahesabiwe hivyo, la sivyo kura inapoteza maana. Ila usiseme fiziotherapia ilimtosha kila mtu. Iliwatosha wengi, na waliobaki walikuwa na mlango wazi.

Muulize pia kilichopimwa ni nini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wagonjwa waliopona shambulio la moyo walipewa dawa za kutuliza mapigo yasiyo na mpangilio. Kwenye karatasi ya kipimo cha moyo mapigo yalitulia. Lakini jaribio lililolinganisha dawa mbili kati ya hizo, flekainaidi na enkainaidi, na vidonge visivyo na dawa, lilikuta vifo 63 kwa waliotumia dawa na 26 kwa wenzao, na makundi yalikuwa karibu sawa kwa ukubwa. Karatasi ilipendeza huku watu wakifa. Kwako wewe, picha ya MRI ndiyo hiyo karatasi.

Kuhusu hiyo picha nataka tukae kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwapiga MRI watu 991 wa mji mmoja wa Marekani, wa miaka 50 hadi 90, waliochaguliwa bila kujali kama wanaumwa goti. Kati ya wanawake wa miaka 50 hadi 59, ambao ndio rika lako, karibu mmoja kati ya watano alikuwa na gegedu lililochanika. Na katika wote waliokutwa na gegedu lililochanika, asilimia 61 hawakuwa na maumivu wala ukakamavu wa goti mwezi uliotangulia. Kwa hiyo kipimo chako kimesema kweli kuwa gegedu limechanika. Hakijasema kwamba hilo ndilo linalokuuma.

Kwa maelezo uliyonipa, goti lako linakunjika na kunyooka, halikuumia kwa ajali, na lina dalili za umri wako. Mwaka 2017 jopo la kimataifa lililojumuisha madaktari na wagonjwa lilitoa mapendekezo mazito kwamba upasuaji wa matundu usifanywe kwa magoti ya namna hii, hata kama gegedu limechanika. Mwaka uliofuata jaribio la Uholanzi la watu 321 wa miaka 45 hadi 70 lilionyesha kwamba vipindi 16 vya fiziotherapia katika wiki nane havikuwa nyuma ya upasuaji baada ya miaka miwili. Na hapo pia, karibu watu 3 kati ya 10 wa kundi la mazoezi walipasuliwa baadaye. Mimi ningeanza na mazoezi hayo, yakisimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia, kwa miezi mitatu kamili bila kuruka. Wiki za mwanzo goti linaweza kuuma zaidi. Hiyo si dalili kwamba linaharibika, na mtaalamu atakupunguzia kiwango.

Rudi kwa daktari wako wa mifupa na umwulize waziwazi: ni kitu gani kwenye goti langu, zaidi ya picha, kinachokufanya uamini kukata kutanisaidia? Amekushika goti na mimi sijalishika, na huenda ana jibu. Akikuambia goti linajifunga, kuna kipande kimejikunja kikazuia kunyooka, au ameona kitu kingine kisicho cha kawaida, basi hali yako haimo katika majaribio niliyokueleza na ushauri wake una uzito. Na kama siku moja goti litasagika kabisa hata usiku usilale, upasuaji wa kuweka goti la bandia ni jambo lingine. Jaribio la Denmark la mwaka 2015, la wagonjwa 100, liliona ukileta nafuu kubwa zaidi kuliko mazoezi na ushauri pekee, ingawa matatizo makubwa nayo yalikuwa mengi zaidi kwa waliopasuliwa.

Usisubiri miezi mitatu ukiona mojawapo ya haya: goti limekwama ghafla na halinyooki, limevimba na kuwa la moto huku una homa, huwezi kulikanyagia kabisa, au mguu umevimba chini ya goti na shavu la mguu linauma. Hapo nenda hospitali siku hiyohiyo.